Asubuhi Tatu, Sukari Tatu

Shughuli yote ilinigharimu shilingi elfu moja mia tatu na hamsini, nimehesabu mara mbili, na bado sijui kama nina kisukari.

Mimi huuza mapazia ya mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi. Kwetu bei ya kwanza ni kama salamu. Hakuna anayeichukulia kwa uzito. Basi msichana wa kemisti, duka la dawa pale mtaani Mbotela, aliponidunga kidole asubuhi, sijatia kitu tumboni, akasoma sukari saba pointi nne, nilimjibu kwa mazoea.

"Hiyo ndiyo ya mwisho, ama unapunguza?"

Hakucheka. "Mama, kuanzia saba kwenda juu, na hujala, hiyo inaelekea kisukari. Lakini kipimo kimoja hakitoshi. Nenda hospitali."

Sikwenda. Dada yangu alikwenda hospitali na kidonda kwenye kidole cha mguu, akarudi nyumbani bila mguu. Siku hiyo niliuza vibaya, nikipokea bei za kijinga, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa ndani ya viatu: nakunja vidole, nakunjua, nasikiliza kama vyote bado vinasikia.

Asubuhi iliyofuata nikajaribu kemisti mwingine, upande wa mtaa wa Majengo. Sita pointi tano. Nilinunua mandazi mawili papo hapo.

Jirani yangu wa kibanda, Mkamba mwenye mdomo, aliniangalia nikitafuna. "Kwa hivyo umeenda kuulizia kwa muuzaji wa pili?"

"Na nimepata ya chini."

"Haya. Sasa hiyo damu utamuuzia nani?"

Nikayarudisha mandazi kwenye karatasi. Kesho yake asubuhi, kabla sijala, alifunga kibanda chake, akanipeleka kliniki mwenyewe, amenishika mkono kama aliyekamata mwizi.

Daktari alikuwa mpole, na upole wake ukanitisha zaidi. "Zote mbili zinaweza kuwa za kweli," alisema. "Sukari ya asubuhi haikai mahali pamoja. Ulivyolala, ulichokula jioni, wasiwasi, hata hizo mashine ndogo hutofautiana. Ndiyo maana tunarudia. Haturudii ili tuchague ya chini."

Akatoa damu ya mshipa, ikapelekwa maabara. Sita pointi tisa.

"Si unaona? Haijafika!" nikasema, kwa sauti ya mtu anayefukuzwa.

"Haijafika leo, mama. Lakini pia si ya kawaida." Akaniambia nirudi Jumatatu kwa kipimo kingine, kile kinachoonyesha sukari ya miezi kadhaa iliyopita. Hicho, alisema, hakijali umeamkaje.

Jumatatu bado. Nawasha jiko, nazima, nawasha. Mlio na ugonjwa huu, tafadhali niambieni: siku za kungoja mlizipitisha vipi, na watoto mliwaambia nini? Wangu wameanza kuuliza kwa nini chai yangu haina sukari, na mimi nawajibu kwamba imepanda bei.