Kuchungulia Uani kwa Njia ya Bahari

Mjini Unguja, ukitaka kumuoza mwanao na roho yako itulie, unamwendea kwanza Bi Ummkulthum wa Mkunazini. Wengi wanamjua kwa udi. Ule udi wa kupika wa bibi arusi, unaochemshwa kwa sukari na miski na mawaridi mpaka majirani wa mtaa wa pili waanze kuulizana nani anaolewa, hakuna anayemfikia. Lakini wenye watoto wa kike humwendea kwa jambo jingine, nalo ni macho yake. Ndiye anayetumwa kwenda kuitazama nyumba ya mchumba kabla posa haijajibiwa.

Kanuni yake ni moja. "Nyumba njema si mlango," husema, na kabla hujaimalizia methali yeye keshafika uani. Mlango kila mtu anaupiga rangi, na sebuleni hata mchawi ana makochi. Uani ndiko zinakoanikwa nguo, ndiko yanakomwagwa maji ya samaki, ndiko mama mkwe anakosema na watu kwa sauti yake ya kweli. Bi Ummkulthum atabisha hodi akitafuta kuku wake aliyepotea, au ataomba maji ya kutawadhia, na akitoka hapo anakwambia oza au usioze. Kuku hajawahi kufuga maisha yake yote.

Basi ikafika zamu yake. Posa ikaja ya Mardhiya, kitinda mimba wake, mwalimu wa skuli ya msingi, na jibu wakaahidiwa siku ya Ijumaa. Mganga hajigangi. Mtu aliyewasaidia wenziwe kusema ndiyo alikuwa keshasema hapana mara mbili kwa mwanawe mwenyewe. Mchumba wa kwanza alikataliwa kwa kuwa hajui hata kumenya ndizi. Wa pili alikuwa kijana wa watu, hana neno, ila mama yake alionekana akimfukuza paka kwa kiatu. "Leo paka, kesho mkamwana," akasema Bi Ummkulthum, na mambo yakaishia hapo.

Mardhiya hakulalamika mara zile mbili. Safari hii alisema neno moja tu, tena akiwa ameshika mlango: "Mama, huyu nnamtaka." Akaenda zake kazini. Neno lile likamkaa mama mtu kifuani kama mwiba wa changu.

Kwa maana ukweli, ambao shoga yake Bi Faiza wa ghorofa ya chini aliujua na hakuthubutu kuutamka, ni kwamba Bi Ummkulthum alikuwa anaogopa. Mumewe alikwishatangulia mbele ya haki. Wakubwa wawili wako Maskati, wanapiga simu za video siku ya Idi. Mardhiya akiondoka, nyumba ile ya ngazi ndefu itabaki yeye na masufuria yake. Na katika masufuria hayo lilikuwepo moja la shaba, jipya, alilolinunua zamani kwa ajili ya udi wa Mardhiya, na tangu alitie kabatini hajapata kuliinjika.

Kwa hiyo alihitaji kasoro. Na mchumba mwenyewe, Ridhwan, fundi wa viyoyozi, kwao ni Chukwani, kwenye yale majumba makubwa ya pwani, katika jumba alilolijenga baba yake baada ya miaka mingi ya kazi Uarabuni. Bi Ummkulthum alikwenda. Akakuta ukuta mrefu, geti la chuma na mlinzi. Akauliza kuhusu kuku wake. Mlinzi akamtazama, akamuuliza anatoka wapi, kisha akamwambia kwa adabu kwamba kuku wa Mkunazini hawezi kufika Chukwani kwa miguu.

"Uani wao unatazama bahari," alimwambia Faiza usiku ule. "Umejificha kwa makusudi."

"Bahari haikujificha," alisema Faiza, na toka hapo mpaka leo anajuta kusema.

Jumatano asubuhi mashoga wawili wakateremka pwani ya Shangani. Bi Ummkulthum alikuwa amevaa nikabu, yeye ambaye siku zote huvaa mtandio tu, na mkononi ana darubini aliyoiazima kwa jirani anayetazama mpira. Walikodi mashua ya watalii, ya peke yao, yenye mapazia meupe na mito ya kuegemea. Mwenye mashua, Ubwa, aliwavisha jaketi za kujiokolea, akawaletea sahani ya nanasi lililokatwa, akawasha mashine. Alikuwa na maneno yake ya kila siku, na hakujua namna ya kuendesha mashua bila ya kuyasema.

"Karibuni sana Zanzibar. Kushoto kwenu mnauona Mji Mkongwe, mji wenye historia ndefu…"

"Tumezaliwa humo," alisema Bi Ummkulthum. "Wewe endesha."

Wakapita Kilimani, wakapita Mazizini, wakapita Mbweni. Majumba ya pwani yakaanza kujipanga, na darubini ikaanza kazi. Palikuwa na jumba lina bwawa la kuogelea hatua chache kutoka baharini. "Hawa wamebeba maji kupeleka kisimani," akasema. Palikuwa na jengine lina simba wawili wa saruji mlangoni, mmoja amekatika mkia. Palikuwa na viti na miavuli mizuri kabisa na hapana hata mtu mmoja aliyekalia. Bi Ummkulthum alijisikia raha. Katika maisha yake yote hakupata kutazama uani wa watu wengi namna ile kwa mkupuo mmoja, tena huku anakula nanasi.

"Lile pale," Faiza akasema. "Jeupe, reli za kijani."

Bi Ummkulthum akabana jicho. Uani ulikuwa mpana, umefagiwa. Palikuwa na kamba ya nguo, kuku wanapekua, na chini ya mti wa mkungu mwanamume amekunja suruali, anaparuza samaki. Alikuwa ni Ridhwan mwenyewe, yule wa kwenye picha ya simu ya Mardhiya.

"Umeona!" akasema. "Mwanamume anaparuza samaki. Huyu ataingia jikoni kumpangia mwanangu kila kitu."

"Yule wa mwanzo si ulimkataa kwa kutojua kumenya ndizi?"

"Ubwa, sogea karibu kidogo. Nataka kuona maji machafu anayamwaga wapi."

"Bi, maji yanakupwa, na leo bamvua. Hapa bahari inakimbia yote."

"Kidogo tu, baba."

Ubwa akasogea. Akaambiwa asogee tena, akasogea. Mara ya tatu hakuhitaji kusogea, maana mashua ilikuwa imekaa chini, imetulia kama kuku anayeatamia. Ubwa akazima mashine, akatazama maji yanavyowapa mgongo, akasema mpaka adhuhuri ipite ndipo yatakaporudi. Kisha, kwa kuwa mazoea yana taabu, akawauliza kama wangependa nanasi zaidi.

Kule uani Ridhwan alikuwa amesimama, ameshika kisu cha samaki, anawatazama. Akatoweka. Alipotokea tena alikuwa anasukuma toroli.

Ni lazima ieleweke kwamba kijana alifikiri vizuri. Alikuwa ameona kina mama wawili juani, mmoja wao ameshika magoti. Kumbeba mwanamke asiye maharimu wake haiwezekani, na kumuacha ateseke matopeni haifai. Kwa hiyo aliliosha toroli la kubebea saruji, akalitandika mkeka, akaja nalo juu ya mchanga mbichi, uso ameuinamisha.

"Shikamooni, mama zangu. Bi mkubwa anasema mje mpumzike nyumbani. Jua kali."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Faiza. Mwenzake alimfinya ili amsemee, kwa maana Ridhwan alikwishaisikia sauti ya Bi Ummkulthum kwenye simu ya Mardhiya, mara si moja, ikigombana na mchuuzi wa ndizi. Faiza akafinyika, akatafuta neno, akaokota la kwanza lililopita. "Huyu mwenzangu bubu. Katoka Pemba, kaja kutembea."

Bi Ummkulthum aliyekuwa akimwita jirani wa mtaa wa nne bila ya kutoka dirishani, akawa bubu. Akapanda toroli. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akitafuta njia za kuingia nyumba za watu kwa uani, na leo mwenye nyumba mwenyewe anamsukuma kwenda huko, huku gurudumu linazama, na Ubwa anasukuma kwa nyuma, na Faiza anatembea pembeni viatu mkononi, mtandio ameubana kinywani asiangue kicheko.

Alikaribishwa kivulini na Bi Nadra, mama mtu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Aliletewa maji ya ukwaju akayanywa chini ya nikabu. Na macho yake, ambayo hayajui kupumzika, yakazunguka. Masufuria yamepinduliwa, yanang'aa mpaka chini. Maji ya samaki yanamwagwa kwenye mgomba. Msichana wa kazi anaitwa kwa jina lake na anajibu akicheka. Alipita paka, Bi Ummkulthum akakaza roho, na Bi Nadra akamrushia kichwa cha changu. Hapo moyo wa mgeni ukaanguka kabisa. Hapakuwa na kasoro, na yeye hakuja Chukwani kwa kitu kingine.

Ridhwan akampelekea mama yake samaki jikoni, wakanong'ona kidogo. Bi Nadra akarudi, akakaa kwenye kibao, akaanza kukuna nazi.

"Huyu mwanangu kaposa mjini," akamwambia Faiza. "Mama wa binti ndiye huyo mpika udi wanayemsifia. Mie sijaonana naye, posa walipeleka wanaume. Lakini nasikia siku hizi udi wake umeshuka."

Faiza akaacha kunywa.

"Ati anazidisha sukari," Bi Nadra akaendelea, bila ya kuinua macho kwenye mbuzi ya nazi. "Ukiuchoma, wanasema, nyumba nzima inanuka halua."

"Nani kasema?" Bubu alikuwa amesimama, magoti na kila kitu. "Nani huyo? Mleteni hapa! Sukari yangu naipima mie kwa mkono wangu, na aliyenifundisha hajapata kuunguza hata sufuria moja! Halua! Pua yake huyo imeziba!"

Faiza akageuka kuitazama bahari kwa bidii, ingawa haikuwepo.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Nadra. "Bubu kapona."

Bi Ummkulthum akakaa. Akaivua nikabu, maana haikuwa na kazi tena, na uso uliotoka chini yake ulikuwa umeiva kwa haya. Mwanamke huyu hakupata kukamatwa hata siku moja, si kwa kuku wala kwa maji ya kutawadhia. Bi Nadra alikuwa anacheka mpaka nazi inamwagika.

"Umenijuaje?"

"Ridhwan kaniambia jikoni. Anasema alipokuwa anasukuma toroli upepo umemletea harufu ya Mardhiya. Nikabu inaficha uso, bi, udi haiuwezi." Akajifuta machozi ya kicheko. "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ndivyo walivyosema wazee. Hawakusema ukodi mashua."

Wakacheka wote, na Ubwa aliyekuwa kwenye bilauri ya pili ya ukwaju akacheka nao bila ya kujua sababu. Kisha Bi Nadra akaweka nazi chini.

"Sasa uani umeuona. Kasoro umeipata?"

Bi Ummkulthum alitazama kamba ya nguo, akatazama kuku, akamtazama Ridhwan kule chini ya mkungu akijifanya hasikii. Angeweza kusema uongo, ustadi huo anao. Badala yake akaikunja nikabu mapajani.

"Sikuipata," akasema. "Na hilo ndilo balaa. Ningeipata, ningebaki na mwanangu."

Akalia. Alilia waziwazi, uani kwa watu, mbele ya masufuria yao masafi. Faiza akamshika bega. Bi Nadra hakumwambia nyamaza, wala hakumwambia atakuwa anakuja kila wiki, wala yale mengine ambayo watu husema na hayaponyi.

"Mie nimeoza wawili," akasema. "Alipoondoka wa pili, mwezi mzima nilikuwa nampakulia. Nikikumbuka, nampa paka. Ndiyo maana paka wangu mnene." Chakula kilipoiva akamsogezea sahani. "Kula, bi. Samaki anapoa."

Maji yalirudi baada ya adhuhuri. Ridhwan alileta toroli, lakini Bi Ummkulthum akasema atakwenda kwa miguu yake, na akaenda, polepole, mkono ameuweka kwenye bega la Bi Nadra. Njiani mpaka Shangani Ubwa hakusema chochote kuhusu historia ya mji.

Nyumbani Mardhiya alikuwa amekaa kwenye ngazi. Ridhwan hakumpigia simu. Jambo la wakubwa hakulitia mkono. Lakini Mardhiya aliona buibui limelowa matope mpaka magotini, akaona darubini, na kwa kuwa mwanamke yule ndiye aliyemlea, hakuhitaji kuelezwa.

"Mama. Umekwenda kwao."

"Nimekwenda."

"Na umeona kitu."

"Nyumba ile ina kasoro moja kubwa," alisema Bi Ummkulthum.

Mardhiya akashika ukuta. Mama yake akampita, akapanda ngazi mpaka jikoni, akihema. Akafungua kabati, akainua masufuria ya kila siku, akalitoa lile la shaba lililokuwa chini kabisa, bado lina karatasi ya dukani.

"Haina udi wa maana," akasema, na akaliinjika juu ya jiko. "Nimenusa kila pembe. Huwezi kwenda kukaa nyumba kama ile hivihivi." Akawasha moto, mgongo amempa bintiye asimuone uso. "Njoo unipimie sukari. Na usizidishe."