Kina Schönewald Waliogeuka Sherwood

Vita na Wajerumani vilipopamba moto, mwaka 1918, majirani walikuja mchana kweupe shambani kwa kina Schönewald, familia yenye asili ya Ujerumani, huko Iowa, Marekani. Walilipaka ghala rangi ya manjano, alama ya msaliti, wakampigisha mzee Gerhard magoti aibusu bendera. Miongoni mwao walikuwamo watu aliowahi kuwavunia mahindi walipougua. Binti yake Hedwig alishuhudia yote akiwa mlangoni, na hakuyasahau.

Haukupita mwezi, mdogo wake Reinhold akaenda mahakamani, akarudi akiitwa Raymond Sherwood.

"Jina haliliwi, baba," alisema mezani.

"Basi usile hapa," mzee akajibu, akamwondolea mkate.

Reinhold akahamia mjini, akafungua duka la mashine za kilimo, likashamiri. Hedwig hakuolewa, alibaki kumuuguza baba. Mzee alipofariki, Reinhold ndiye aliyeweka jiwe la kaburi, akalichongesha Sherwood. Hedwig alililia lile jiwe kuliko alivyomlilia marehemu.

Alipokuwa ameshazeeka, alijiwa na Lorna, mjukuu wa Reinhold, aliyekuwa akitafuta asili ya ukoo. Uingereza alikotumwa na babu yake, aliyedai ukoo ulitokea huko, hakuwa amepata hata jamaa mmoja. Hedwig alimkalisha jikoni, akamkatia keki ya plamu, akamtajia wazee wote na kijiji walikotoka, katika jimbo la Hanover, Ujerumani. Hata ile rangi ya manjano hakuificha. Lorna alilia. Kesho yake wakaongozana kwa babu.

Reinhold alikuwa barazani, mzee wa kanisa anayeheshimika. Hakumtazama dada yake.

"Huyu alikuwa mtumishi wa mama," alimwambia mjukuu. "Uzee umemharibu akili. Mrudishe kwake."

Hedwig akamsemesha Kijerumani, taratibu, akimwuliza kama anamkumbuka aliyembeba mgongoni alipougua surua. Midomo ya mzee ikatetemeka, na Lorna aliiona. Kisha mzee akajibu kwa Kiingereza kwamba haelewi.

Kitabu cha ukoo alichoandika Lorna kilipochapwa, kilianzia kwa Raymond Sherwood. Waliomtangulia hawakutajwa, wala dada hakuwamo. Lorna alikileta mwenyewe, macho chini.

"Babu amebakiza siku chache, bibi. Sikutaka kumwaibisha."

"Na mimi nimebakiza ngapi?"

Hedwig akamrudishia kitabu chake, akamfungulia mlango.