Saa Zangu za Kuoshwa

Saa mbili kasorobo asubuhi mimi tayari niko dirishani. Gari la mhudumu wangu hutokea upande wa kushoto wa maegesho, taa moja imevunjika, na mpaka nilione roho yangu haitulii. Nafungua pazia, nafunga. Nasogeza kiti cha magurudumu mbele, narudi nyuma. Akichelewa dakika tano tu nishamuona yuko kwenye lile ghala la Grand Prairie lililomtaka, anapanga maboksi, kanisahau. Akiingia anacheka, ananiuliza kama nimeanza tena. Halafu anashika simu ana-clock in, yaani anaandikisha saa ya kuingia kazini, maana Medicaid, bima ya serikali, hailipi dakika ambayo simu haikuiona, na siku yetu inaanza.

Mimi ndiye bosi wake. Watu hawaamini. Medicaid ndiyo inayolipa, lakini katika mpango wangu mtu wa kunihudumia namtafuta mwenyewe, namwajiri mwenyewe, na akinikera namfukuza mwenyewe. Nimefukuza wawili. Mmoja alikuwa akinilisha huku macho yake yako kwenye simu, kijiko kinanigonga pua. Wa pili nilimfukuza kwa hasira zangu tu, nikajuta kabla hajawasha gari. Wa tatu ndiye huyu, mwanamke wa Tanga mwenye watoto watatu. Namwita Mtanga wangu. Siku ya kwanza nilimpa sharti moja: utakayoyaona bafuni kwangu yaishie bafuni. Asiambiwe mtu, na zaidi ya wote asiambiwe binti yangu aliyeko Houston.

Kabla kiharusi hakijanichukulia upande wa kushoto, nilifanya kazi miaka kumi na sita katika nyumba za wazee hapa Arlington. Najua kengele inavyolia na mtu hatokei, kwa sababu mara nyingine huyo asiyetokea nilikuwa mimi, nina wagonjwa kumi na wanne peke yangu. Ndiyo maana nikisikia tu nyumba ya wazee, nageuza mazungumzo. Mtanga wangu ndiye anayenizuia nisiende huko.

Kila mwaka huja mtu kupima ninachoweza na nisichoweza, na kutokana na majibu yangu napewa saa za huduma. Nilikuwa nazo thelathini na tano kwa wiki. Mwaka huu alikuja mwanamume, mtu ningeweza kumzaa, shati limepigwa pasi, adabu tele. Sasa mimi mtu wa Mombasa, mgeni anakuja kwangu, nifanyeje? Tangu alfajiri nilimweka Mtanga wangu roho juu. Akaniosha, akanivisha dera jipya, akafukiza udi, akakaanga mahamri. Kiti cha magurudumu nikaamuru kifichwe chumbani. Nikakalishwa kwenye sofa, mto umewekwa ubavuni nisionekane ninavyoegemea. Nilipendeza, wallahi.

Mgeni alikula mahamri mawili, akafungua kompyuta. Akauliza hali. Njema, alhamdulillahi. Napika? Napika, kwani si mimi ninayekaa jikoni nikasema ongeza iliki? Navaa mwenyewe? Kidogo kidogo. Halafu akauliza mambo ya choo, na nani ananisafisha nikimaliza. Vidole vyake viko juu ya herufi, vinaningoja. Mtanga wangu alikuwa amesimama mlangoni, akainamia zulia.

"Najiweza," nikasema.

Jioni ile nilijisifu kwamba nimemkirimu mgeni wa watu. Mjinga mimi.

Barua ikaja: kutoka saa thelathini na tano hadi kumi na nne. Sababu walizotoa ni maneno yangu mwenyewe, yamepigwa chapa. Nilikata rufaa kabla muda haujapita, kwa hiyo saa zikabaki vilevile mpaka waamue. Mtanga wangu aliniambia ukweli bila kunizungusha: ghala la Grand Prairie limempa nafasi, ataisubirisha mpaka rufaa iishe, zaidi ya hapo hawezi, ana watoto. Nikampigia binti yangu, nikamwambia wamekosea hesabu zao huko. Akasema kuna nyumba nzuri ya wazee karibu na kwake, ina bustani. Bustani! Nikamkatia simu.

Wiki zile sikukaa pahali pamoja. Nilizunguka na kiti changu sebuleni mpaka zulia likachakaa. Rufaa ilikuwa kwa simu, wakaniuliza kama nataka mkalimani wa Kiswahili. Nikakataa. Waswahili wa huku tunajuana, mkalimani mwenyewe huenda tumekaa meza moja harusini Mansfield. Nikaona bora nivuliwe nguo kwa Kiingereza. Binti yangu akaomba awe kwenye laini asikilize, na hilo sikupata sababu ya kulikataa.

Siku ilipofika tuliweka simu mezani, spika wazi. Afisa wa rufaa, sauti ya mzee mpole, akaanza na shahidi wangu. Akamwapisha, akamuuliza kama mimi naweza kuoga na kwenda msalani peke yangu. Mtanga wangu akaniangalia. Nikamwitikia kwa kichwa kwamba aseme tu. Lakini yeye alilikumbuka sharti langu.

"Mama ni msafi sana," akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Anajiweza. Mimi namsaidia kidogo tu."

Mwanamke yule alikuwa anazitupa saa zake, chakula cha wanawe, ili anisitiri mimi. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Lakini mimi bado nilikuwa hai, na nilikuwa nazikwa kwa heshima.

"Hasemi kweli," nikasema. "Mimi ndiye niliyemkataza."

Nikayatoa yote. Kwamba tangu kiharusi sijajisafisha hata siku moja. Kwamba asubuhi nyingine ananikuta nimelowa, na ananibadilisha shuka kabla hajanisalimu ili nisione haya. Kwamba mwezi wa Ramadhani nilianguka bafuni baada ya yeye kuondoka, nikakaa sakafuni mpaka aliporudi. Kwamba kiti cha magurudumu nilikificha. Sauti yangu ilipanda, nikadhani nagombana nao, kumbe nalia. Kwenye laini ya Houston nilisikia mtu akivuta pumzi, basi.

Wakanirudishia thelathini. Zile tano za Jumamosi zimekufa, lakini Mtanga wangu alibaki, akawaambia wa ghala hapana. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba mgeni wa mwakani atakunywa maji tu.

Binti yangu hakupiga simu siku nne. Jumamosi ya kwanza bila Mtanga wangu, saa nne asubuhi, nikasikia ufunguo mlangoni. Alikuwa ameendesha gari kutoka Houston tangu alfajiri. Mimi niko kitandani, sijaoshwa. Nikaanza yangu: habari za njia, kuna chai jikoni, keti kwanza upumzike. Hakuketi. Alivua pete zake akaziweka dirishani, akakunja mikono ya blauzi.

"Mama, nilikuwa nakuuliza kila siku kama unajiweza," akasema.

Nikamshika shingoni kwa mkono wangu mzima, ninavyomshika Mtanga wangu akininyanyua, nikamwambia maji yasiwe moto sana.