Asubuhi Tuliyowalaza Watoto Barazani

Wifi yangu aliolewa na kaka yangu mkubwa akitokea Shimoni. Katika miaka ile ya hamsini tuliishi nyumba moja, kwenye ardhi ya kampuni ya minazi karibu na Msambweni. Mimi nilikuwa nimeachwa na mume wangu wa kwanza kwa kukosa kuzaa, nikarudi kwa kaka na aibu yangu. Wifi hakunikumbusha hata siku moja. Doti ya kanga tuligawana, yeye pande moja na mimi la pili, na watu wasiotujua walidhani tumezaliwa tumbo moja.

Sote wawili tulifanya kazi kwenye tanuri la kampuni. Wanaume waliangua nazi na kuzifua. Sisi wanawake tulizipasua na kuzipanga juu ya uchaga, chini yake makumbi yakiwaka, mpaka zikauke ziwe mbata. Mbata zilikwenda Mombasa kwa lori, na huko meli zilizichukua kuzipeleka Ulaya kutengenezwa sabuni. Sabuni yenyewe tuliinunua dukani, imefungwa karatasi nzuri. Wifi aliinusa kila mara kabla ya kufulia.

"Natafuta moshi wetu," aliniambia. "Sijui wanauficha wapi."

Moshi ule ndio uliotuponza. Aliyekuwa ananyonyesha hakuwa na pa kumwacha mtoto ila juu ya gunia kando ya tanuri, na kutoka kazini kabla ya kengele ya saa sita ilikuwa marufuku. Wifi alikuwa na binti wa miezi mitatu. Mtoto akaanza kukohoa, kisha macho yakavimba hata yakawa hayafunguki asubuhi mpaka tuyaoshe kwa maji ya vuguvugu. Muuguzi alisema mtoto atolewe moshini. Wifi akamjibu kwa adabu kwamba hata yeye angependa kutolewa.

Siku ya pili alikwenda kwa nyapara, mimi nikiwa nyuma yake.

"Shikamoo, bwana. Tunaomba kibanda cha makuti, upande usiofikwa na moshi, na ruhusa ya kwenda kunyonyesha."

"Marahaba. Kampuni imeajiri mikono," nyapara akasema. "Watoto haikuwaajiri."

"Basi mikono itakuja kazini," wifi akasema. "Na watoto tutawapeleka kwa aliyewaajiri mama zao."

Nyapara alicheka. Mimi sikucheka, kwa maana nilimjua wifi yangu.

Jioni mbili alizunguka nyumba kwa nyumba. Wengi waliogopa. Huko bara kulikuwa na hali ya hatari, na hata kwetu watu watano wakisimama pamoja waliulizwa wana jambo gani. Wifi hakumlazimisha mtu. Alikaa jikoni kwa kila mmoja, akamsaidia kuchambua mchicha, akamwambia lile analotaka, akaaga.

Asubuhi ya siku ya tatu tulikwenda na watoto kumi na mmoja. Tuliwatandikia mikeka kwenye baraza ya ofisi ya meneja, tukawalaza mmoja mmoja. Mama zao wakaondoka kwenda tanurini, kwa wakati wa kazi kama kawaida. Wifi akanishika mkono.

"Wewe kaa nao, wasianguke."

Nikakaa. Kwa muda walilala. Kisha mmoja akaamka akalia, na kilio kikapita kwa wote kama moto kwenye makuti. Karani akatoka.

"Hawa ni watoto wa nani?"

"Wa wafanyakazi, bwana. Wanangoja mahali pa kulazwa."

Nyuma ya karani, meneja alikuwa anapiga simu na hasikii anachoambiwa. Alitoka mwenyewe, akawatazama, akamtuma karani awaite mama zao. Karani akaenda, akarudi peke yake.

"Wanasema kengele ya saa sita haijalia."

Nilimbeba huyu, nikambembeleza yule. Mikono yangu haikutosha. Tanuri halikuwa mbali, na kila mama alikisikia kilio cha wake. Baadaye wifi alinionyesha kidole alichokikata kwa panga. Maziwa yalikuwa yamemlowesha kifuani mpaka kiunoni, na yeye akiendelea kupasua nazi. Hakuna aliyetoka.

Jua lilikuwa bado halijafika utosini meneja alipoingia uani na kuipiga kengele kwa mkono wake.

Kibanda kilijengwa wiki ile ile. Hakuna aliyefukuzwa kazi. Mwezi uliofuata tu, kaka aliambiwa kwamba nyumba inahitajika kwa mfanyakazi mwingine. Alikuwa na jamaa Tanga kwenye mashamba ya mkonge, akaamua kwenda na mkewe na mtoto. Mimi nikahamia kwa mama. Nilimsaidia wifi kufunga vyombo na sikuweza kumtazama.

"Ungejua haya, ungekwenda kwa nyapara?" nilimuuliza.

"Ningekwenda. Lakini ningelia kwanza."

Nilipata salamu zake mara mbili kupitia wasafiri wa Vanga: kwamba macho ya binti yamepona, kwamba amezaa wa pili. Kisha salamu zikakoma. Mama alikuwa mgonjwa, sikuweza kumwacha kwenda kumtafuta, na miaka ikaenda.

Niliolewa tena, na Mwenyezi Mungu akanijalia mtoto. Nilimnyonyesha ndani ya kibanda kile, upepo safi ukipita, nikitamani mtu mmoja tu anione. Siku moja mwanamke kijana, mgeni kazini, aliketi karibu nami na mwanawe. Akauliza ni nani aliyekijenga.

"Kampuni," nikamwambia. "Lakini aliyekiomba ni wifi yangu."

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko Tanga," nikasema, kana kwamba Tanga ni nyumba ya pili kutoka hapo.