Nilivyochomoa Sensa ya Ekzosi, Bwana Harusi Akaenda kwa Miguu

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu, maana siku ile nyuma yangu kulikuwa na gari tisa za jamaa, na kila moja ilikuwa na mtu anayenirekodi kwa simu.

Mimi, kama mjuavyo, nilikuwa fundi gari Chake Chake kabla sijaja kufunga mabomba ya maji Peckham, London, na fundi hata akiacha kazi kiburi hakimwachi. Basi taa ya njano ikawaka kwenye pikapu yangu ya dizeli, nikaambiwa gereji kwamba sensa ya ekzosi, kile kipimio cha bomba la moshi, inalalamika, niiache gari nusu siku chujio la masizi lisafishwe, nami nikajisemea kwetu gari zimebeba karafuu miaka na miaka bila sensa hata moja, nikaingia chini ya gari mwenyewe, nikachomoa waya wa sensa, nikaufunga tepu nyeusi. Taa haikuzima (ilipata na mwenzake), kwa hiyo nikazibandika tepu na zenyewe, nisizione.

Sasa, Salim, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuwa ameposa Queensbury. Baba wa binti, Mzee Hamadi, alisita muda mrefu kwa sababu ukoo wetu unajulikana kwa kuchelewa, ndipo nikasimama mbele ya wazee nikasema bwana harusi nitamleta mimi, na saa saba u nusu tutakuwa mlangoni.

"Sheikh ana maiti wa kuzika Croydon, saa nane anaondoka," Mzee Hamadi akaniambia. "Akiondoka, harusi imelala. Usinitie aibu mbele ya watu, Seif."

Tulitoka Peckham mapema (hapo nipeni haki yangu), Salim pembeni yangu na joho lake, msafara nyuma. Lakini kuikata London ni kwenda na kusimama, kwenda na kusimama, na huko ndiko chujio lilikojaa, kwa sababu sensa ile, nilikuja kujua baadaye, ndiyo inayoiambia injini masizi yamezidi, yachome, na mimi nimeikata ulimi. Tulipokaribia Queensbury nguvu zikaisha, nakanyaga mafuta mpaka mguu unauma, gari inatambaa.

"Ami, why are we going so slow?" akauliza Salim (huyu kazaliwa huku, Kiswahili anakisikia chote ila kujibu ni Kiingereza).

"Bwana harusi hakimbizwi," nikamwambia.

Walioko nyuma nao wakadhani ni heshima, wakapiga honi, wanawake wakapiga vigelegele. Basi likatupita, baiskeli ikatupita, bibi mmoja na kitoroli chake cha sokoni akatupungia mkono, naye akatupita. Salim akaiona tepu, akaibandua. "Ami! There's like four lights here!" Kabla sijapata uongo wa pili gari ikakohoa moshi na kuzima katikati ya barabara, saa saba na dakika thelathini na tano.

Kwenye gereji ya kona akatoka mzee wa Kisingasinga, Bwana Pritam, mzaliwa wa Kisumu. Akapiga magoti, akachungulia chini, akauvuta waya wangu na tepu yake, akauinua watu wote wauone.

"Nani amefanya hii kazi ya kijinga?"

Niliwaza kumsingizia aliyeniuzia gari, lakini Salim alikuwa ananitazama.

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa fundi."

Msafara mzima uliangua kicheko, na shangazi zangu ndio walioongoza.

"Fundi gani? Gari inakuambia ni mgonjwa, wewe unaziba yeye mdomo!" Kisha akaona kanzu na joho, akalainika, akauliza tunakwenda wapi. "Hii haiwaki mpaka nichomeke kompyuta, saa nzima. Ukumbi wenu ni mitaa miwili tu. Nendeni na miguu, gari niachieni mimi."

Alitusaidia kuisukuma pembeni kwa mikono yake, mimi nikisukuma nyuma penye ekzosi. Vijana wakatoa dufu zilizokuwa zinapelekwa ukumbini, tukamweka Salim katikati, tukaenda kwa kasida, watu wakatoka madukani kututazama, na mimi mbele na kanzu yenye masizi mpaka kifuani.

Tulifika saa nane kasoro dakika saba. Mzee Hamadi alikuwa mlangoni, nikajiandaa kutukanwa. Mzee alikuwa analia.

"Tangu nitoke Pemba sijaona bwana harusi akisindikizwa kwa miguu na dufu," akasema. "Nani amelifikiria jambo hili?"

Wallahi ulimi ulinicheza niseme mimi.

"Hakuna aliyelifikiria, mzee. Nilichomoa sensa, gari ikanifia njiani."

Akaitazama kanzu yangu kutoka juu mpaka chini. "Basi alhamdulillahi kwa hiyo sensa," akasema, akamshika Salim mkono, wakaingia. Nikaha ikafungwa, na sheikh akawahi maziko yake.

Jioni nilimpelekea Bwana Pritam sahani ya biriani ya mboga, nikamshukuru mpaka akachoka kunisikia, na hadi leo namshukuru kila nikiwasha gari. Taa yoyote ikiwaka sasa, hata ya mkanda, nasimama pembeni, nampigia yeye simu. Mimi ni fundi wa mabomba, basi.