Vidole Vilirudi Kwanza

Wewe uliyelala kitandani ukisikia watu wakikuzungumzia kana kwamba umeshatoka chumbani, nakuandikia wewe. Nami nililala hivyo. Leo natembea.

Naitwa Mwikali. Naishi nje kidogo ya Kithimani, katika shamba dogo tuliloachiwa na wazazi. Baba alitangulia, mama akamfuata nilipokuwa kidato cha pili. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hivyo nilirudisha vitabu vya shule nikashika jembe. Nyuma yangu yuko Kioko, halafu kitinda mimba wetu, Mwende. Baada ya mazishi jamaa walitaka kutugawana, kila nyumba mtoto mmoja. Nilikataa. Nilisema tutakula tulicho nacho, lakini tutakula kutoka sufuria moja.

Tunalima mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuzwa ng'ambo, kwa maji ya mfereji. Maji hayo huenda kwa zamu. Jirani akifungua mlango wake wa maji, wewe unafunga wako, unakaa kwenye tuta na kungoja. Labda ndiyo sababu nilipenda gemu niliyoipenda. Kioko alikuwa akipasua mawe Lukenya, na siku moja akaniletea mashine ndogo ya mitumba, ya kushika kwa mikono miwili, yenye ufa pembeni ya kioo. Gemu iliyokuwa ndani ilikuwa ya nchi ya kubuni, yenye mfalme mwenye pembe, wapiga mishale, mwanamke anayeponya majeraha na joka mmoja mzee. Unasogeza askari wako mmoja mmoja kwenye miraba, kama kete za drafti. Ukimaliza, adui naye anasogeza wake. Hakuna anayemharakisha mwenzake. Nilikuwa nikicheza mchana, jua likiwa kali mno kwa jembe, na sikumkosea mtu.

Ugonjwa ulianza tumboni. Niliharisha siku kadhaa, nikapona, nikasahau. Baadaye vidole vya miguu vikaanza kuniwasha kama nimekanyaga upupu. Kisha miguu ikawa mizito. Nilianguka kati ya mistari ya mishiri nikiwa na bomba la dawa mgongoni, nikacheka nikidhani nimejikwaa. Kliniki wakasema ni uchovu, labda na taifodi, wakanipa vidonge.

Asubuhi moja nilichuchumaa chooni nikashindwa kuinuka. Nilimwita Mwende. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alinitia mikono makwapani akanivuta, nami nilikuwa hata sijajifuta. Nililia kwa aibu. Akaniambia, "Wacha kulia. Si hata wewe uliniosha mimi?"

Hospitalini daktari, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, alinigonga goti kwa nyundo ya mpira. Goti halikuruka.

"Sukuma mkono wangu kwa mguu," alisema.

"Nasukuma, daktari."

"Bado hujaanza."

Kumbe nilikuwa nimemaliza nguvu zangu zote. Aliniambia jina la ugonjwa, Guillain-Barré, akanieleza kwa maneno rahisi. "Kinga ya mwili wako imekosea njia. Ilikuwa inapigana na vijidudu vya tumbo, sasa inapiga neva zako. Wengi hupona. Lakini ugonjwa utapanda kwanza, ndipo ushuke."

Ukapanda. Ulichukua mikono, ukachukua uso. Sikuweza kufumba macho, wauguzi wakawa wanayafunga kwa plasta ili yasikauke. Ulipofika kifuani walinitia mpira kooni nikapumuliwa na mashine. Nilivalishwa nepi. Makohozi yangu yalivutwa kwa bomba jembamba, na kila yalipovutwa nilidhani ndiyo mwisho. Lakini masikio yalikuwa mazima. Jamaa mmoja alisimama kando ya kitanda akamwuliza Kioko shamba litabaki na nani. Kioko akamjibu, "Mwenyewe si huyo hapo?"

Kisha ukaanza kushuka. Mpira ulitolewa, sauti yangu ikatoka kama ya kuku mgonjwa. Kidole gumba cha kulia kilicheza kabla ya kitu kingine chochote. Mtaalamu wa mazoezi, kijana mpole wa Mwala, aliniuliza ninapenda kufanya nini kwa mikono. Niliona haya. Kioko akajibu kwa niaba yangu, "Huyu dada yangu ni jenerali. Hucheza gemu."

"Basi lete hiyo gemu," kijana akasema. "Mimi hapa niko na mipira ya kuminya tu, na hakuna mtu anaipenda."

Waliegemeza ile mashine ya gemu kwenye blanketi lililokunjwa tumboni kwangu. Kubonyeza kitufe kimoja kulikuwa kama kusukuma mwamba. Jasho lilinitoka. Gemu nyingine ingeshaniua hapo, lakini ile ilingoja. Joka alikuwa mbele yangu amenyanyua bawa, akikaa kimya mpaka nimalize kumsogeza mpiga mishale wangu mraba mmoja. Katika wodi ile kila mtu alikuwa na haraka na mwili wangu. Adui yangu peke yake hakuwa na haraka. Siku kwa siku vidole vikarudi, kisha viganja, kisha mikono. Miguu ikabaki kama magogo, nami nikaruhusiwa kwenda nyumbani.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipoanzia.

Kwetu mgonjwa huendewa na sukari na mafuta ya kupikia. Mgonjwa naye ana kazi yake: alale, afumbe macho nusu, aitike kwa sauti ndogo. Baba mdogo Mutua alikuja kutoka Ekalakala na mkewe, anti Syombua, pamoja na wanawake wawili wa kanisa lao. Walinikuta nimeegemezwa mito, mashine mkononi, vidole vikikimbia.

"Mwikali, tuliambiwa uko hali mbaya," baba mdogo alisema.

"Niko na nafuu, baba mdogo. Miguu ndiyo bado."

Anti Syombua aliangalia mikono yangu. "Miguu imekataa, lakini hivi vidole vinaruka kama vya fundi wa cherehani."

"Ni hospitali walisema nicheze, anti."

"Hospitali gani hiyo? Mimi nikiambiwa nicheze, nitahamia huko na blanketi langu."

Walicheka. Mwanamke mmoja aliinama kutazama kioo, akamwona mfalme, akarudi nyuma. "Na huyu unakaa naye ni nani?"

"Ni wa gemu tu, mama."

"Ana pembe, na unasema ni wa gemu tu."

Wakaomba. Waliombea pepo wa kile kidude atoke. Miguu yangu hawakuiombea.

Walipofungua macho, Mwende alikuwa akiingia na beseni la kuniosha. Baba mdogo akamtazama, akanitazama. "Kumbe mtoto haendi shule, anabaki kumwosha mtu anayecheza?"

Kuhusu shule alisema kweli, na ndiyo maana neno lake liliniuma. Kioko alikuwa Lukenya kututafutia chakula, na sikuwa na mwingine wa kunigeuza.

"Tutaenda naye," baba mdogo alisema. "Kule atasoma."

"Hapana, baba mdogo. Hawa watoto hawagawanywi."

"Siku utakapokuja kumchukua kwa miguu yako mwenyewe, nitajua ulikuwa mgonjwa. Sitakukatalia."

Nilijirusha nimshike Mwende. Nikaanguka, shavu likagonga sakafu. Nikamsikia anti Syombua akisema, "Ona sasa, anajiangusha." Walininyanyua, wakanirudisha kitandani, wakanifunika vizuri. Kisha wakaondoka na mtoto. Sukari waliiacha mezani.

Habari ilienea kwamba Mwikali haumwi, amepagawa na gemu. Hakuja mgeni mwingine. Kwenye mfereji zamu yetu ilirukwa, na jirani yetu Mama Kasyoka pekee ndiye aliyegombana na watu akatufungulia maji. Kioko aliacha mawe akarudi nyumbani. Alichimbia nguzo uani kwa safu mbili, akazifunga fito ndefu za kushikilia, akanisimamisha katikati.

Mapaja yangu yalikuwa yamekonda kama mikono. Viganja vilichubuka. Kuna siku nilijikojolea nikiwa nimesimama, Kioko akageuza uso akajifanya anatazama kuku. Nilipotaka kukimbilia mwisho wa fito nilianguka. "Mbona kwenye gemu huna haraka?" aliniuliza. "Sogeza mmoja. Ngoja. Ndipo sogeza mwingine." Alikuwa ananidhihaki kidogo, lakini nilimtii. Mguu mmoja, nitulie, nitazame palipo salama, ndipo mwingine. Mvua zilikuja zikaenda nikiwa kwenye zile fito. Kisha nikatoka na fimbo mbili, kisha moja.

Siku niliposhuka kwenye matatu pale Ekalakala, nilikataa bodaboda ya kunifikisha kwa baba mdogo. Mwenye bodaboda akashangaa, "Dada, na hiyo fimbo? Ni mbali." Nilimwambia nimeagizwa nije kwa miguu. Nilipumzika chini ya kila kivuli. Visigino vilikuwa vinawaka nilipofika.

Nilimwona Mwende kabla hajaniona. Alikuwa akipanda kutoka mtoni na dumu mgongoni, kamba ikiwa imembana kwenye paji la uso, saa ambayo watoto wenzake walikuwa darasani. Niliuliza jirani yao nikaambiwa alisoma muhula mmoja tu, kisha kazi za nyumbani zikazidi.

Baba mdogo alikuwa uani. Alinisalimu, "Wakya," nami nikaitika kama mtoto anavyoitika, "Aa." Aliangalia miguu yangu kwa muda.

"Kwa hivyo ulikuwa mgonjwa kweli," alisema.

Niliandaliwa chai, nikainywa, kwa sababu yeye ni ndugu ya baba yangu. Mwende hakunikimbilia. Alitua dumu, akaingia ndani, akatoka na nguo zake kwenye mfuko wa karatasi, akasimama upande wangu mtupu, ule usio na fimbo. Hatukusindikizwa hata hadi langoni.

Namshukuru Mungu, ingawa wapo waliomtumia vibaya kando ya kitanda changu. Nawashukuru yule daktari, kijana wa Mwala, Mama Kasyoka na ndugu yangu Kioko. Kwako wewe unayeumwa: kiungo kinachorudi kwanza, kitumie bila haya, hata kama ni kidole kimoja na kazi yake ni mchezo. Ukihisi ganzi inapanda kutoka miguuni, usikae nayo nyumbani, kimbilia hospitali. Na wewe unayekwenda kumwona mgonjwa, ukimkuta anacheka, mshukuru Mungu, umwulize anahitaji nini, uache sukari yako uende. Usitoke na mtoto wake.

Mwende amerudi darasani, pamoja na watoto wadogo kwake. Haongei sana. Lakini kila ninapoinuka kitini, naye huinuka, mikono ikiwa tayari. Namwambia, "Kaa, Mwende, nimepona." Hakai mpaka nimefika ninakokwenda.