Mama Mkwe na Sufuria la Vitani

Ugonjwa wangu ni maboma. Wenzangu wakipata likizo wanakwenda kujenga, kuoa au kulala. Mimi nakwenda kutazama kuta nene zilizojengwa na watu waliokuwa wakituogopa. Nimezunguka ziwa karibu lote nikipiga picha mizinga yenye kutu, kofia za chuma na viatu vya askari ambao miguu yao sijui iliishia wapi. Mke wangu alikwisha kukata tamaa. Akiulizwa mumewe yuko wapi, hujibu, "Ameenda vitani," kisha anaendelea kumenya viazi.

Siku moja nilirudi nyumbani Nyegezi nikitokea boma moja la Mjerumani, upande wa magharibi wa ziwa, ambamo chumba kimoja kimegeuzwa makumbusho ya Vita vya Kagera. Nikamlazimisha atazame picha kwenye simu, kama kawaida yangu. Alikuwa anatazama huku anapiga miayo, mpaka tulipofika kwenye sufuria la jeshi: refu, jeusi kwa moshi, lenye mkono mmoja na tundu ubavuni. Akaninyang'anya simu.

"Jamani, hili ni sufuria la baba!"

Baba mkwe, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mpishi jeshini wakati wa vita vile. Alirudi mzima, ila sikio la kushoto lilikuwa limepungua kipande. Maelezo yake yalikuwa haya: risasi zilipoanza, alimwaga maharage, akalivaa sufuria hadi mabegani, akaushika ule mkono wake chini ya kidevu na kutimua mbio. Kwa kuwa alikuwa haoni mbele, alikimbilia kwa adui. Wenzake wakadhani ni ujasiri, wakamfuata. Risasi moja ikatoboa sufuria na kuondoka na kipande cha sikio. Sufuria lenyewe, alisema, wakubwa walilichukua likahifadhiwe.

Kila aliyesikia alicheka. Mkewe hakucheka. Yeye aliamini kwamba sikio lile liling'atwa na mwanamke hukohuko alikokuwa, na kwamba hakuna mwanamke anayeng'ata sikio la mwanamume asiyemhusu. Waliishi pamoja hadi uzeeni, wakazaa, wakajenga, na kila walipogombana, hata kama chanzo ni chumvi, ugomvi ulimalizikia sikioni.

Habari za picha zilimfikia mama mkwe jioni ileile. Asubuhi ujumbe ukaja kupitia kwa mke wangu: "Mwambie mumeo anipeleke. Nataka kujua kama yule mzee nilimkasirikia bure."

Nilifurahi hadi nikaona aibu. Kwa mara ya kwanza ugonjwa wangu ulikuwa na faida kwa ukoo. Lakini kulikuwa na kikwazo. Mimi ni mtoto wa Butimba, wa nyumba yenye mchanganyiko wa kila kabila, ambamo mama wakwe hukaa sebuleni wakatazama tamthilia na waume wa binti zao. Mama mkwe wangu ni Msukuma wa zamani. Yeye na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawakai chumba kimoja. Tukikutana njiani, mmoja wetu anaingia shambani. Nimeshakanyaga mihogo ya watu wengi kwa ajili ya heshima.

Basi tukasafiri hivyohivyo. Mama kiti cha nyuma, mke wangu mbele kama mkalimani, mimi kwenye usukani, na kile kioo cha kuonea nyuma nimekigeuza kitazame paa. Malori yote yaliyotupita siku ile yalinishtukiza.

"Mwambie mumeo apunguze mwendo, nione maji," mama alisema tulipofika kwenye daraja la Busisi.

"Mama anasema upunguze mwendo," mke wangu akanieleza, kama vile mimi niko Dar es Salaam.

"Mwambie nimepunguza."

"Amepunguza, mama."

"Mwambie nimeona."

Geita yote tuliipita kwa mtindo huo, na ng'ombe wote wa njiani tukawajadili kwa mtindo huo.

Mlango wa boma ni mwembamba. Mjerumani aliutengeneza hivyo ili adui aingie mmoja mmoja, na kwetu ulifaa sana. Mama na binti yake waliingia, mimi nikabaki nje. Mwongoza wageni, mtu wa makamo, alinitazama kwa huruma.

"Mzee, umetoka mbali kote huko, halafu huingii?"

"Mama mkwe yuko ndani."

"Aaa," akasema, akanivutia kigoda.

Sikukikalia sana. Mkuu wa kazi wa mke wangu alipiga simu, na kwa kuwa pale mtandao unashika vizuri juu ya kilima tu, mke wangu alitoka mbio kuufuata. Mama akabaki chumbani peke yake na mabaki ya vita, tena bila miwani. Nikaona hapa lazima nitumie akili. Nilizunguka nyuma ya ukuta hadi kwenye moja ya yale matundu ya bunduki. Mjerumani alilitoboa ili ampige risasi mtu atakayesimama palepale niliposimama mimi. Nikaweka mdomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Uko wapi?"

"Ukutani, mama. Nitakusomea vibao. Vyote ninavyo kwenye simu."

Nikamsomea gwanda, nikamsomea redio, nikamsomea chupa ya maji. Kila kimoja alikigunia. Tukafika kwenye sufuria. Nilikikuza kibao kwenye simu: "Sufuria la jeshi. Mtumiaji hajulikani." Moyo wangu ukakataa kabisa. Mwanamke huyu amekaa garini kutwa nzima, leo nimpe maneno makavu namna hii? Nikakohoa, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio:

"Sufuria hili lilivaliwa na mpishi shujaa, ambaye risasi ya adui ilimkosa kichwa ikampata sikio la kushoto, naye bila kurudi nyuma akawaongoza wenzake..."

"Mkwe," ikatoka sauti kwenye tundu.

"Naam, mama."

"Kibao ni kifupi kuliko kidole changu, wewe unanisomea waraka wa askofu. Soma kilichoandikwa. Mwanamume wa kunipamba kwa maneno nilikuwa naye tayari."

Nikasoma kilichoandikwa. Hakuguna. Nilijisikia vibaya sana kwa kumleta. Kisha nikasikia chuma kinagonga chuma, na sauti ya mwongoza wageni aliyekuwa ameingia kuangalia:

"Mama! Hairuhusiwi kugusa! Mama, tafadhali, kichwani tena?"

Muda si mrefu akanijia mbio, jasho linamtoka.

"Mzee, njoo. Limekwama."

"Nini?"

"Sufuria. Amelivaa, limeshika fundo la kilemba. Nimevuta, amenipiga na mkoba. Anataka mkwe wake."

"Ndugu yangu, mimi siruhusiwi kumtazama usoni."

"Uso gani? Uso haupo!"

Niliingia kinyumenyume, nikageuka polepole. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya chumba, amevaa vitenge vyake vya kwendea harusini, mkoba mkononi, sufuria hadi mabegani. Tangu nimuoe binti yake sikuwahi kumtazama kwa utulivu vile. Kumbe ni mfupi.

"Mkwe, upo?"

"Nipo, mama."

"Lizungushe. Mkono wake uje chini ya kidevu, ndivyo alivyokuwa akisema."

Nililizungusha taratibu, mwongoza wageni amejiziba mdomo asicheke. Mkono ulipofika chini ya kidevu nikaacha.

"Tundu liko wapi?"

Nikainama, nikachungulia. Ndani kulikuwa na giza, na katikati ya giza ilikuwepo hereni ndogo ya dhahabu.

"Liko sikioni, mama."

"La kushoto?"

"La kushoto."

"Usinipambe."

"Sikupambi, mama. Naiona hereni."

Alinyanyua mkono, akapapasa ubavu wa sufuria mpaka akalipata tundu, akaingiza kidole. Kilipogusa sikio lake kikabaki hapohapo. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani anacheka, nami nikacheka, nikalishika sufuria kwa mikono miwili ili nilivute.

"Ngoja kwanza, mkwe," akasema. "Usilitoe."